Namna ya Kuuliza kwa Kiingereza



Kwa Kiswahili twasema, "Karani alimlipa nani?", na neno la kuulizia hukaa mwisho. Kwa Kiingereza hutangulia, likafuatwa na "did", kisha mtenda, kisha kitendo katika umbo lake la asili: "Who did the clerk pay?" Lakini tukimwuliza mtenda mwenyewe, "did" haihitajiwi: "Who paid the clerk?", yaani, nani alimlipa karani?

Angalieni basi: maneno yakigeuzwa hivyo, karani aliyetoa fedha aonekana kuwa amezipokea! Katika hesabu za pamba hapa Mwanza, kosa hilo laweza kumponza asiye na hatia. Kabla ya kutia sahihi, tujihoji: nani ametenda, nani ametendewa?