KUWAZA SANA NI UGONJWA: TUJARIBU KUJISAIDIA

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Mpanda)



Leo tunataka kuzungumza habari ya ugonjwa usio na kidonda wala homa. Waganga wa hospitali wanauita sonona. Sisi vijijini tunasema, "Fulani ana mawazo," au, "Fulani anawaza sana."

Tuchukue mfano. Mkulima wa tumbaku hapa kwetu Katavi amechukua pembejeo kwa mkopo. Mvua zimekatika mapema, na pesa yote ya soko imeishia kwenye deni. Mwezi wa kwanza ana huzuni. Hilo si ajabu. Nani asingehuzunika? Lakini mwezi wa pili unafika, naye haendi shamba. Usiku yu macho, mchana amejilaza. Ugali anaonja tonge mbili, kisha anasukuma sahani. Mkewe akimwuliza, anajibu, "Mimi sina faida tena." Majirani wanasema, "Huyo mvivu." Wengine wanasema, "Karogwa."

Sisi tunasema huyo ni mgonjwa. Mvivu hukwepa jembe akaenda kucheza bao akicheka. Huyu hata bao halitaki.

Dalili zake

Huzuni ya kawaida huja ikaondoka. Lakini tazama kama mtu amekaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na moyo mzito au hana hamu ya jambo lo lote alilolipenda. Tena hupata usingizi kwa shida, au hulala kupita kiasi. Hachangamkii chakula. Huchoka bila kazi. Hujilaumu. Wengine huja zahanati wakilalamika kichwa na mwili tu, kumbe mzizi uko moyoni. Ugonjwa huu huwapata wanaume na wanawake, na hata mama aliyejifungua karibuni.

Mambo ya kujaribu

La kwanza, kazi ndogo moja kila siku. Mwenye sonona husubiri hamu irudi ndipo ainuke. Hamu hairudi hivyo. Katika ugonjwa huu kazi hutangulia, hamu hufuata nyuma. Basi asianze na ekari. Aanze kwa kufagia uwanja, au kupalilia tuta moja la mchicha. Kesho matuta mawili.

La pili, aamke saa ile ile kila siku, aoge, atembee hata mpaka kisimani. Mwili ukijongea, usingizi nao huja vizuri zaidi.

La tatu, aache pombe. Gongo husahaulisha usiku mmoja, na asubuhi mawazo yanarudi na ndugu zake.

La nne, wazo baya likija, alitambue. Aseme, "Hili ni wazo, linasema sina faida." Kisha akanyage miguu yake chini imara, avute pumzi polepole, atazame kilicho mbele yake: mti, kuku, mtoto. Wazo linaweza kuwapo, naye akaendelea kumenya mihogo.

La tano, apate mtu wa kusema naye. Hili ndilo kubwa.

Wenzetu walivyojaribu

Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu wenye dalili za sonona walitafutwa. Baadhi ya vijiji vilipewa vikundi, vingine havikupewa, ili wapate kulinganisha. Wanakikundi walikutana mara moja kwa juma, kama saa moja na nusu, kwa majuma 16. Walizungumza mambo ya kwao: msiba, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyobadilika ghafula, upweke. Viongozi wao hawakuwa madaktari, ila wenyeji waliofundishwa. Mwishoni, katika kila watu 100 wa vikundi, waliokuwa bado na sonona walikuwa 6 au 7. Mahali pasipo na vikundi walikuwa kama 55.

Huko huko Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki jaribio jingine lililotangazwa mwaka 2020. Karibu nusu yao walisikiliza masomo matano yaliyorekodiwa, wakiwa na kitabu cha picha. Lile jambo la kutambua wazo na kukanyaga chini ni katika waliyojifunza. Baada ya miezi mitatu, mzigo wa moyo ulikuwa umepungua kwao kuliko kwa wenzao waliopewa maelezo mafupi tu. Sisi tulio jirani na Katumba na Mishamo, palipopokea watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, tunajua mzigo huo ulivyo.

Na kukaa katika vikundi si kitu kigeni kwetu. Wazee wanakumbuka Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Kama tuliweza kujadili choo, moyo utatushinda?

Daftari lina kazi

Nyinyi mmejifunza kusoma na kuandika. Chukueni daftari. Kila jioni andika tarehe, kazi ndogo uliyoifanya, na namba ya moyo wako kutoka 0 mpaka 10. Sifuri ni vibaya kabisa, kumi ni vizuri kabisa. Mathalan: "Jumanne. Nimepalilia tuta moja. Moyo 3." Baada ya majuma mawili, soma. Utaona siku gani moyo ulipanda, na ulifanya nini. Lililokufaa lizidishe. Lisilokufaa liache, jaribu jingine. Namba ikishuka siku moja, usikate tamaa. Hata mgonjwa wa malaria hapandi kitanda akashuka mzima siku hiyo hiyo.

Kujisaidia kuna mpaka

Majuma yakipita bila nafuu, au mtu akishindwa kula na kufanya kazi, aende zahanati au hospitali. Dawa zipo. Huchukua majuma kadhaa kuonyesha kazi yake, na haifai kuziacha ghafula bila kumwuliza mganga. Anayekwenda kuombewa aende, lakini dawa asiache.

Mtu akisema anataka kufa, msimcheke wala msimgombeze. Mwulizeni wazi. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu, jirani akivunjika mguu tunamlimia shamba lake. Aliyevunjika moyo naye tumpitie, tukae naye, tumwambie, "Twende tukafagie uwanja pamoja." Hapo ndipo pa kuanzia.

Maswali ya kujadili

1. Hapa kijijini mwenye mawazo mengi tunamwita nani? Jina hilo linamsaidia au linamwumiza?
2. Kazi ndogo gani anaweza kuanza nayo kesho?
3. Nani watakuwa tayari kukaa kikundi, siku gani, na wapi?