Baisikeli Ipimwe kwa Mguu



Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni ukubwa wa baisikeli. Mtu akitaka kanzu, humwendea fundi akapimwa mabega na urefu. Akitaka viatu, huvivaa kwanza palepale dukani, akatembea hatua mbili tatu, ndipo atoe fedha. Lakini akienda kununua baisikeli, chombo ambacho pengine kitamla fedha zote za mavuno ya kahawa au pamba, hutazama rangi, hupiga kengele, huuliza bei, kisha huondoka nacho. Haulizi kama chombo hicho kiliumbwa kwa mwili kama wake. Tena wako wachaguao kwa makusudi ile iliyo ndefu kupita zote, kwa kudhani kwamba baisikeli kubwa ni heshima ya mtu mkubwa.

Twalisema jambo hili kwa sababu moja. Katika baisikeli, vitu vilivyo vingi vyaweza kubadilishwa: mipira, mnyororo, kiti, breki, pedali. Lakini kiunzi chake, au kama mafundi wasemavyo, fremu, hakikatwi wala hakirefushwi. Aliyekosea mipira amepoteza fedha kidogo. Aliyekosea fremu amejinunulia taabu ya miaka.

Tena jambo la kupima mguu si geni. Kabla ya mwaka 1885 baisikeli zilizoenea Ulaya zilikuwa na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na pedali zilishikamana na lile gurudumu la mbele. Hazikuwa na mnyororo. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja, basi aliyetaka mwendo wa kasi alitaka gurudumu kubwa. Lakini hakuweza kupita pale miguu yake ilipokomea, kwa hiyo kila mtu alinunua gurudumu la kadiri ya mguu wake. Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry katika Uingereza, alitoa baisikeli iliyoitwa Rover, ambayo magurudumu yake yalikaribia kulingana, na mnyororo ukazungusha lile la nyuma. Toka hapo mtu mfupi na mtu mrefu waliweza kupanda magurudumu ya kadiri moja. Kipimo cha mguu hakikutoweka. Kilihama katika gurudumu kikaingia katika fremu. Na hapo ndipo jicho linapodanganyika, maana mtu akiona magurudumu yamelingana, hudhani kwamba baisikeli zote ni sawa.

Sasa na tuseme jinsi fremu inavyopimwa. Weka mwanzo wa kamba katikati ya ule mhimili unaozunguka kati ya pedali mbili, kisha upande nayo kwa kufuata bomba linaloshika kiti, mpaka mwisho wa bomba hilo juu. Urefu huo ndio ukubwa wa fremu. Katika zile baisikeli nyeusi za kazi zenye magurudumu ya inchi 28, ambazo zamani zilitoka Uingereza na baadaye Uhindi na Uchina, fremu zinazoonekana mara nyingi ni za inchi 22 na inchi 24. Kati ya zile za magurudumu ya inchi 26 hupatikana pia fremu ndogo zaidi, kama za inchi 20. Katika maduka mengine fremu huandikwa kwa sentimita. Basi mjue kwamba inchi moja ni sentimita 2.54.

Pili, mtu ajipime mwenyewe. Asijipime kimo, kwa sababu kimo hudanganya. Watu wawili waweza kusimama pamoja na vichwa vyao vikalingana, lakini mmoja ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, na mwenziwe ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Fremu iliyomfaa huyu haitamfaa yule. Kipimo cha kweli ni urefu wa mguu kwa upande wa ndani, toka msambani mpaka ardhini. Vua viatu, simama mgongo wako ukiegemea ukuta, miguu imeachana kidogo. Twaa kitabu chenye jalada gumu, ukipitishe katikati ya miguu na mgongo wake ukielekea juu, ukipandishe mpaka kikugandamize kama kiti cha baisikeli kigandamizavyo. Mwenzako atie alama ukutani pale juu ya kitabu, kisha apime toka alama mpaka chini. Fanyeni mara mbili, ili mhakikishe.

Ukiisha kuupata urefu huo, chukua theluthi mbili zake. Mwenye mguu wa inchi 30 fremu yake ni inchi 20. Mwenye inchi 33 ni inchi 22. Mwenye inchi 36 ni inchi 24. Lakini angalieni sana: theluthi mbili ni mpaka wa juu. Kushuka chini yake kidogo hakuna hatari. Kuupita ndiko kwenye hatari. Na kama kipimo chako kimeangukia katikati ya fremu mbili, twaa iliyo ndogo. Kiti chaweza kuinuliwa, na usukani pia waweza kuinuliwa, lakini fremu kubwa haina dawa.

Baisikeli ambazo bomba lake la juu limeinama kuelekea nyuma, kama zile zilizofanywa kwa njia za milimani, zina hesabu nyingine. Hizo huwa na fremu fupi zaidi, na mtu huchukua kama sehemu 57 katika 100 za mguu wake. Mwenye mguu wa inchi 32 atatafuta fremu ya inchi 18.

Hesabu peke yake haitoshi; iko hukumu ya mwisho, nayo ni kusimama juu ya baisikeli yenyewe. Ipande mguu huku na mguu huku, mbele ya kiti, nyayo zote mbili zikiwa chini kabisa. Kati ya msamba wako na bomba la juu pawe na nafasi ya inchi moja au mbili. Bomba likikugusa, rudisha baisikeli hiyo hata kama muuzaji akuapia. Katika baisikeli za magurudumu ya inchi 28, bomba la juu la fremu ya inchi 22 huwa karibu inchi 33 toka ardhini, na la fremu ya inchi 24 karibu inchi 35. Basi mtu mwenye mguu wa inchi 33, ingawa hesabu imempa fremu ya inchi 22, ataona kwamba katika magurudumu hayo makubwa bomba lamgusa. Huyo afadhali atafute fremu hiyo hiyo yenye magurudumu ya inchi 26, maana bomba litashuka kwa inchi moja, au achukue fremu iliyo ndogo zaidi.

Kwa nini twalishika neno hili la bomba? Kwa sababu siku ya salama halionekani. Mtu aweza kuendesha baisikeli kubwa mwezi mzima katika njia iliyonyoka bila kudhurika. Lakini siku mbuzi atakapokatiza njia, au breki zitakapobana ghafula katika mteremko, ataruka mbele ya kiti ili akanyage chini, na chini hatapafikia. Hapo bomba litamwumiza mahali pa hatari, au baisikeli itamlalia ubavuni. Na kama nyuma amefunga madumu mawili ya maji, au gunia la mkaa, au mkungu wa ndizi, uzito huo utamwangusha pamoja nao. Wachukuzi wa mizigo na watu wanaopakia abiria nyuma ndio hasa wanaopaswa kuchagua fremu iliyo ndogo kidogo, kwa kuwa wao husimama na kuondoka mara nyingi kwa siku, na kila kusimama yawapasa kuutegemeza mzigo kwa miguu yao miwili.

Fremu ikiisha kufaa, kiti nacho kiwekwe sawasawa. Kaa juu ya kiti, mwenzako akikushikia baisikeli, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyoka, wala kiuno kisilale upande mmoja. Kisha ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litakunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walipima nguvu za waendeshaji, wakaona kwamba mtu hutoa nguvu zilizo bora kiti chake kikiwa juu ya pedali iliyo chini kwa sehemu 109 kwa kila sehemu 100 za mguu wake wa ndani. Mwenye mguu wa inchi 33, kiti chake kitakuwa inchi 36 toka pedali. Jaribuni njia zote mbili, mtaona kwamba hazitofautiani sana.

Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi, na maumivu huja mbele ya goti. Kikiwa juu mno, maumivu huja nyuma ya goti, na kiuno huyumba huku na huku. Wako watu waliokwisha kusema kwamba baisikeli imewaletea ugonjwa wa magoti, kumbe ugonjwa ulikuwa katika skrubu ya kiti. Lakini kumbukeni pia kwamba nguzo ya kiti ina mpaka wake. Nguzo nyingi zina alama ya mwisho, na alama hiyo haifai kuonekana nje ya bomba. Isiyo na alama, iachwe ndani kwa inchi mbili na nusu walau, isije ikavunjika njiani.

Liko na jambo la usukani. Mafundi hutumia kipimo ambacho wazee wetu walikijua tangu kale, yaani dhiraa. Weka kiwiko chako kwenye ncha ya mbele ya kiti, unyooshe mkono kuelekea usukani. Ncha za vidole zifike katika usukani, au zikaribie. Kipimo hiki si cha uhakika kama kile cha mguu, lakini hutoa onyo. Usukani ukiwa mbali mno, mgongo na shingo huchoka na mikono hufa ganzi. Ukiwa karibu mno, magoti huugonga katika kona.

Wako watakaouliza juu ya wanawake. Fremu isiyo na bomba la juu ilianza kufanywa mwishoni mwa karne ya 19, ili mwenye nguo ndefu apande na kushuka kwa heshima na kwa salama. Ni fremu njema, hata kwa mzee ambaye nyonga zake zimekaza. Lakini asidhani mtu kwamba kwa kuwa halina bomba la kumgusa, basi saizi yoyote yamfaa. Kiti na usukani vipimwe vilevile. Mkunga au mwalimu wa kike anayekwenda maili nyingi kwa siku ana haki ya chombo kinachomwenea, wala asiachiwe tu kile kilichomshinda mumewe.

Na watoto je? Wazazi wengi humnunulia mtoto baisikeli ya mtu mzima wakisema, "Atakua nayo." Matokeo yake twayaona kila siku barabarani: mtoto amepitisha mguu katikati ya fremu, chini ya bomba, mwili wote umelala upande, macho hayaoni mbele sawasawa. Mtoto hukua, ni kweli. Lakini hatari haimngoji akue. Afadhali baisikeli ndogo iliyotumika ya bei rahisi, ambayo baadaye atarithi mdogo wake, kuliko kubwa mpya ambayo hawezi kuisimamisha.

Ndugu zetu, mambo haya hayahitaji chombo cha thamani. Yahitaji ukuta, kitabu kimoja, kamba ya kupimia, na mwenzako mmoja. Twawaomba waalimu walitie jambo hili katika somo la hesabu: wanafunzi wapimane miguu, watafute theluthi mbili, kisha wazipime baisikeli zilizoegeshwa uwanjani. Watajifunza sehemu na vipimo kwa kitu wanachokiona, tena watapeleka habari nyumbani. Twawaomba machifu, mnapokaa barazani na wenye maduka, mwaambie wamruhusu mnunuzi asimame juu ya baisikeli na kuiendesha hatua chache kabla hajatoa fedha. Muuzaji mwema hatakataa, maana mnunuzi aliyeridhika hurudi kununua mipira na mnyororo, na huleta jirani zake.

Nawe mnunuzi, siku utakapokwenda mjini na fedha zako, andika kipimo cha mguu wako katika kipande cha karatasi, ukikunje pamoja na noti. Rafiki akikusifia ile ndefu inayong'aa, wewe isimamie kwanza. Nyayo zako zikikaa chini zote mbili, na bomba lisikuguse, hiyo ni yako. Zisipokaa, mwachie mwenye miguu yake.