Jembe la Katumba, foleni ya Nyarugusu

Habari za wakimbizi wa Kigoma huishia kwenye mgawo wa chakula: umepungua, umechelewa. Suala la kazi haliguswi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, magharibi mwa Tanzania. Wakalima mahindi na tumbaku, wakajilisha. Mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia zaidi ya 160,000, wao na wazao wao. Lakini mkimbizi aliyeko leo katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, hatoki nje bila kibali, hivyo kibarua anakifanya kwa kujificha, na anayemwajiri anajua akimpunja hatashtakiwa. Malalamiko ya wenyeji dhidi ya wakimbizi yana msingi. Sehemu ya misitu ya Kasulu imeishia mafigani mwa kambi. Lakini wafadhili wakipunguza fedha, kumkataza mkulima kulima ni kuongeza midomo ya kulishwa, tena kwa makusudi.