NCHI NDOGO NA MIIBA YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Wako wanaouliza: nchi ndogo itajikingaje na dola kubwa? Nawajibu: mtazameni nungunungu. Hana nguvu za chui, wala hamfukuzi chui. Lakini chui mwenye akili humpita, maana anajua nyama ile ina miiba.

Chukueni mfano wa Ufini. Watu wake leo ni kiasi cha milioni 5.6, na mpaka wake na Urusi unapita kilomita 1,300. Tarehe 30 Novemba, 1939, majeshi ya Urusi ya Kisovyeti yaliivamia. Watu wa kujitolea walikwenda kusaidia, lakini hakuna serikali iliyopeleka jeshi lake. Wafini walipigana siku 105. Walipoteza sehemu ya ardhi yao, na watu zaidi ya 400,000 walihama makwao; lakini uhuru wao ulibaki.

Walipata wapi moyo huo? Mwaka 1918 Wafini hao hao walikuwa wameuana wenyewe kwa wenyewe, matajiri na maskini. Baadaye zikatungwa sheria, mwaka 1918 na 1922, za kuwapatia ardhi wale waliokuwa wakilima mashamba ya mabwana. Basi adui alipokuja, mkulima alikuwa na chake cha kutetea. Huo ndio mwiba wa kwanza: haki. Hapana mtu atakayeifia nchi anayoiona ni ya wengine.

Mwiba wa pili ni matayarisho. Vijana wanaume hupaswa kulitumikia taifa. Wanawake hujitolea jeshini tangu 1995. Wakimaliza hurudi kazini, wakabaki askari wa akiba. Vita ikitokea, jeshi ni watu 280,000. Yako mahandaki ya kuwakinga watu milioni 4.8, na nafaka imewekwa ghalani. Adui hahesabu bunduki peke yake. Huhesabu pia siku.

Mtasema: mbona Ufini iliingia NATO tarehe 4 Aprili, 2023? Kweli, iliingia baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022. Lakini haikuvunja jeshi lake la wananchi, wala haikufunga maghala. Anayelala na kumwachia jirani ulinzi wa nyumba, amemwachia na ufunguo.

Ndugu zangu, silaha hununuliwa. Moyo wa wananchi haununuliwi. Hujengwa kwa haki, na hujengwa kabla adui hajabisha hodi.