MTOTO ASIYESEMA APELEKWE KUPIMWA
(Maneno ya kamati ya akina mama katika mkutano wa wanaushirika, ghalani)



Tumesimama kwa ajili ya mtoto mmoja wa humu kijijini. Jina hatulitaji, mnamjua. Ana miaka mitatu na nusu, hajasema neno. Akiitwa hageuki. Akizuiwa hujing'ata mkono na kupiga kichwa ukutani. Mama yake akienda kupalilia humfunga kamba kwenye mwembe, maana akimwacha atakimbilia kisimani. Na maneno ni mengi: eti ana mashetani, eti mama alikula mayai akiwa mjamzito, eti amedekezwa, achapwe. Jamani! Fimbo ilimfundisha nani kusema?

Kwanza apimwe masikio. Asiyesikia huonekana mkaidi, kumbe sauti haimfikii. Usaha wa masikio usiotibiwa huweza kuleta hayo. Malaria iliyopanda kichwani nayo huweza kuacha ulemavu. Tena kuna usonji, hali ya ubongo inayoanza utotoni. Hauambukizi, hautokani na chanjo wala malezi mabaya. Dawa ya kuuondoa hakuna, lakini mtoto akifundishwa mapema kuomba kwa ishara na kungoja zamu, wengi huendelea vizuri zaidi.

Wazazi wote tuangalie: miezi 9 mtoto akae mwenyewe, miezi 18 atembee, miaka 2 aunganishe maneno mawili, kama "mama maji". Aliyekuwa akisema halafu akaacha, huyo asingojewe hata kidogo. Wazee wanasema baba wa mtoto huyu naye alichelewa kusema. Huenda ni kweli. Hata hivyo apimwe.

Mama aanzie zahanati, achukue barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na kadi ya kliniki asiisahau. Tumemwandikia kwenye daftari mambo aliyotueleza: yalianza lini, analalaje, anakataa chakula gani. Daktari atamwona mtoto kwa dakika chache tu, pengine siku hiyo kalala fofofo, asione lolote.

Sasa nauli. Mfuko wetu wa kusaidiana umezika na umeuguza. Huyu haukumfikiria kwa kuwa anakimbia na kula, haonekani mgonjwa. Tunaomba nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, mara mbili, maana hospitali humwambia mtu arudi.

Basi linaondoka Jumatatu alfajiri. Watakaompalilia shamba siku hiyo waandike majina hapa chini. Sisi tumeshaandika matano.