Ua Lililovuka Bahari: Mimea ya Mapambo, Visiwa na Maji ya Njoro



Nimeombwa nizungumzie magugu vamizi. Desturi ya mada hii ni kuanza na mgeni mharibifu aliyetuingilia. Mimi nitaanza na mmea wetu wenyewe, uliokwenda kuharibu kwa watu.

Lipo ua la nyika zetu liitwalo gloriosa. Mvua zikianza, shina lake jembamba huchomoza kutoka kwenye kiazi kilichojificha ardhini, likaparamia kichaka cha kwanza linachokikuta. Lisogelee uone linavyopanda: ncha ya jani lenyewe hurefuka, ikajikunja na kukamata kijiti. Petali zake sita zimepinda kuelekea nyuma, kingo zake zina mawimbi, shinani ni njano na juu ni nyekundu ya moto. Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Mwaka 1947, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipozuru Rhodesia ya Kusini, alizawadiwa pambo la almasi la kifuani lililofanywa kwa umbo lake.

Uzuri huo ndio uliolisafirisha. Viazi vyake vilipelekwa kwenye bustani za nchi nyingi, na leo gloriosa imeota kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya Queensland na New South Wales nchini Australia. Huko Visiwa vya Cook, Polinesia ya Kifaransa na Kiribati nako inahesabiwa kuwa mmea vamizi. Mmea wote una kolchisini, sumu kali kwa mtu na mnyama, na ukiung'oa bila kutoa kiazi utaota tena. Wakati huohuo, huko Sri Lanka na katika jimbo la Odisha nchini India, ambako ni mwenyeji, umechimbwa mno kwa ajili ya dawa hadi umeanza kuadimika. Mmea uleule unalindwa mahali pamoja na kuteketezwa mahali pengine.

Mti wetu wa kifabakazi, wenye maua mekundu tunaoupanda kwa kivuli, una kisa kama hicho. Huko Fiji, Tahiti na Hawaii umeingia mashambani na misituni, na shirika la uhifadhi la IUCN limeuweka kwenye orodha yake ya viumbe vamizi 100 walio wabaya zaidi duniani. Katika orodha hiyo imo pia lantana, tuliyoipanda kwa ua na mapambo, na limo gugu maji. Mimea hii haikupenya kwa siri. Ilibebwa na watu walioipenda, ikamwagiliwa na kuwekewa mbolea.

Kwa nini visiwa ndivyo vinavyoumia zaidi? Nyumbani kwake, mmea huishi na maadui zake: mdudu anayetafuna jani, kuvu anayeozesha kiazi, na mimea mingine inayogombea mwanga. Anayeuhamisha huuchukua peke yake, akawaacha maadui nyuma. Kisiwani unakuta mimea wenyeji iliyokaa maelfu ya miaka bila kupambana na mshindani wa namna hiyo, tena iliyo michache na isiyo na mahali pa kukimbilia. Bara, mmea ukibanwa bonde hili huenda ukabaki bonde la pili. Kisiwani, bonde la pili ni bahari.

Sasa tuje nyumbani. Gugu maji ni mwenyeji wa bonde la Amazon, na lilizagaa duniani kama pambo la mabwawa na bustani. Ukilishika mkononi utaelewa kwa nini. Vikonyo vya majani vimevimba, ndani vina tundutundu za hewa zinazouelesha mmea. Chini yake inaning'inia mizizi myeusi yenye wekundu wa zambarau, laini kama manyoya. Ua lake ni la urujuani, na petali ya juu ina doa la njano. Linazaa kwa mbegu, lakini nguvu yake kubwa iko kwenye vitawi vinavyotambaa juu ya maji, kila kimoja kikiwa na mche mpya mwishoni. Maji yakiwa ya joto na yenye rutuba, eneo lake huweza kuongezeka maradufu kwa wiki moja au mbili.

Wengi hudhani kisa cha Tanzania kilianzia Ziwa Victoria. Kumbukumbu zinaonyesha lilitambuliwa kwanza Mto Sigi, mkoani Tanga, mwaka 1955, kisha Mto Pangani mwaka 1959. Pangani, ndugu zangu, ni maji yetu. Mvua inayonyesha kwenye mteremko huu wa kusini wa Kilimanjaro hushuka kuelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo huteremka kupitia mitambo ya umeme ya Hale na Pangani hadi baharini.

Katika Ziwa Victoria gugu maji lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa yake ililetwa na Mto Kagera. Kufikia mwaka 1998 Ghuba ya Winam peke yake, upande wa Kenya, ilikuwa imefunikwa takriban hekta 17,000. Mitumbwi ilikwama mialoni, samaki walikosa hewa chini ya zulia lile, na konokono wa kichocho wakapata maskani. Kwa mtu wa visiwa vya Ukerewe au Ukara, ambaye soko na hospitali ya rufaa viko ng'ambo ya maji, mwalo ukiziba njia imekatika.

Dawa iliyosaidia ilitoka kulekule gugu lilikotoka. Katikati ya miaka ya 1990 nchi za ziwa ziliachia mbawakavu wawili wa jenasi ya Neochetina. Mdudu mzima hukwangua jani na kuacha makovu madogo. Kiluwiluwi wake hutoboa kikonyo, maji yakaingia, mmea ukazama. Kufikia mwisho wa muongo ule gugu lilipungua sana, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha sifa kiende kwa mdudu na kiasi gani kwa mawingu na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Lakini halikwisha. Mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa miaka 15 hata 20, na baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 Winam ilifunikwa tena. Namheshimu sana yule mdudu. Hata hivyo, asitumiwe kama kisingizio cha kulegea hapa juu.

Nasema hapa juu kwa makusudi. Maji yanayobubujika Njoro, hapa Moshi, hayakai Njoro. Yanaingia kwenye mifereji ya Skimu ya Umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ambayo hutegemea Mto Rau na kijito cha Njoro. Majaruba ya Mabogini yana maji ya kina kifupi, yenye joto, yanayokwenda polepole na yenye mbolea. Sijui mahali pazuri kuliko hapo pa kulilea gugu maji. Kando ya mkondo huohuo uko Msitu wa Rau, unaoishi kwa maji ya ardhini, wenye mti adimu wa Oxystigma msoo. Msitu huo umezungukwa na mji na mashamba. Nao ni kisiwa.

Hata mlima wenyewe ni kisiwa. Kuuzunguka kuna tambarare kavu ambayo mimea ya msitu wa mawingu haiwezi kuivuka. Ndiyo maana Impatiens kilimanjari, ua dogo jekundu la kandokando ya vijito vya msituni, haliko popote pengine duniani. Tayari nyasi ya Ulaya iitwayo Poa annua imejiotea kando ya njia za wapanda mlima, ikifuata viatu. Na kwa kuwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vinapakana na msitu, kinachoota uani Marangu au Kibosho kina safari fupi tu hadi hifadhini.

Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha. Inakagua mipaka na bandari, na kazi hiyo ni ya lazima. Ila mche unaotolewa na shangazi wa Machame kwa mkwe wake wa Njoro haupiti mpaka wowote. Uchagani mmea ni lugha ya heshima: isale hupandwa mpakani, na hupelekwa kwa jirani kuomba radhi. Singependa kijana yeyote aambiwe aache kupeana mimea. Ninachoomba ni kwamba anayetoa aseme pia tabia ya anachotoa: kama kipande cha mzizi kikibaki kinaota, kama ndege wanakula tunda lake, kama kinaelea.

Kwa wauza miche wa kando ya barabara zetu nina ombi zito zaidi, kwa sababu wao ndio mlango. Gugu maji lisiuzwe kwenye beseni kama pambo la bwawa, hata mche mmoja. Yapo mayungiyungi ya asili ya Afrika Mashariki, yenye maua meupe na ya buluu, yanayopendeza vilevile na ambayo maadui zake wako hapahapa. Manispaa ya Moshi inaweza kumpa kila mwenye kitalu orodha fupi yenye picha, kwa Kiswahili, kabla ya masika. Nanyi wakulima wa Mabogini, mkilikuta kwenye mfereji, msilikatekate wala kulisukuma liende kwa jirani wa chini. Litoeni zima na mizizi yake, mlipeleke mbali na maji, likauke juani hadi livunjike mkononi, na viongozi wa skimu waambiwe siku hiyohiyo lilionekana kwenye mfereji gani.