Mtoto wa Darasa la Pili Aweze Kufanya Nini?

Leo nataka kusema na wazazi na walezi, na hasa wewe ambaye hukubahatika kwenda shule, ukadhani kwamba mambo ya darasani ni ya mwalimu peke yake.

Mtoto akirudi na ripoti, sisi humwuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Akijibu wa tano, twafurahi. Lakini akiwa wa tano kati ya watoto wasiojua kusoma, tumepata nini? Yafaa tuulize: anaweza kufanya nini leo ambacho mwanzo wa mwaka hakukiweza? Hilo ndilo lengo la kujifunza. Katika muhtasari wa mwalimu, hapa kwetu Tanzania, huitwa umahiri. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yanatilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, na mtaala ulipobadilishwa mwaka 2023 msingi huo haukuondolewa.

Tuanze na kusoma. Kuna watoto ambao hukariri ukurasa mzima kwa kuwasikia wenzao, wakausema kama kasuku huku macho yako mlangoni. Wewe usiyejua herufi waweza kumpima. Weka kidole chako juu ya neno lililo katikati ya ukurasa, umwulize ni neno gani. Likumbuke mahali pake. Baada ya chakula cha jioni, rudisha kidole pale pale. Akitaja neno lile lile, na maneno mengine matatu au manne vivyo hivyo, huyo anasoma. Kisha mwambie akueleze habari yenyewe kwa maneno yake. Asiyeweza kueleza ametamka tu.

Kuandika ni rahisi zaidi kukupima: mtoto aandike mahitaji ya dukani, na mwenye duka ayasome bila yeye kuwepo.

Sasa kuhesabu. Mpe mtoto 52 toa 17. Wengi watakuandikia 45. Kosa hilo lina sababu yake: ameona 2 haitoshi kutoa 7, basi akageuza, akatoa 2 katika 7. Usimchape. Chukua njiti za kiberiti, fungeni mafungu matano ya kumi kumi, na njiti mbili kando. Mwambie aondoe 17. Atalazimika kufungua fungu moja, na hapo atabakiwa na 35. Akilifanya hilo kwa mikono mara kadhaa, makumi na mamoja yatamwingia akilini.

Lakini nataka tukae kidogo juu ya jambo hili. Mtoto amekosa swali la hisabati lililoandikwa hivi: "Juma ana maembe 12. Amempa Asha 5. Amebaki na mangapi?" Mzazi husema, mwanangu hana kichwa cha hesabu. Hebu msomee swali hilo kwa sauti. Akijibu papo hapo, "Saba," basi hesabu anaijua. Kusoma ndiko kulikomshinda. Na huyu akifika darasa la tatu, masomo yakaongezeka, atakosa sayansi na jiografia pia kwa ugonjwa ule ule mmoja, nasi tutamwita mzito katika masomo yote. Kumbe dawa ilikuwa ukurasa mmoja wa kusoma kila jioni, mapema.

Hata katika sayansi, usiridhike na maneno. Mtoto akisema mbu huzaliana penye maji yaliyotuama, toka naye uani. Akuonyeshe kopo au gurudumu lenye maji, akuonyeshe viluwiluwi vikichezacheza, kisha ayamwage mwenyewe.

Mwalimu mwenye watoto themanini darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Basi nenda shuleni, na usiende siku ya matokeo tu. Mwulize, "Mwalimu, hadi mwisho wa muhula huu mtoto aweze kufanya nini, na wangu bado hajaweza lipi?" Hana sababu ya kuona umemkosea, swali hilo humsaidia na yeye.

Kazi ya juma hili ni moja. Fanya lile jaribio la kidole kwa kila mtoto wa nyumbani aliye darasa la pili na kuendelea, wakubwa pia wasiachwe. Ukimkuta wa darasa la tano amekwama, usimwaibishe mbele ya wadogo zake. Anza naye kitabu cha darasa la kwanza usiku huo huo.

Kwaherini.